Nyumba moja, malezi yale yale, watoto wawili na shida mbili tofauti

Mama wa Kihonda:

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimesita kwa muda mrefu kabla ya kuliandika jambo hili, kwa sababu mambo ya nyumbani hayaanikwi, lakini nimefika mahali ambapo ushauri wa majirani na wa ukoo haunitoshi tena.

Ninaishi Morogoro na nina watoto wawili. Wa kiume ana miaka 11, yuko darasa la sita. Wa kike ana miaka 9, yuko darasa la nne. Baba yao ni dereva wa malori ya masafa marefu, hutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuvuka mpaka hadi Lubumbashi, Congo, kwa hiyo huweza kukaa majuma matatu bila kuonekana, kisha akawa nyumbani siku nne au tano. Yeye ni mkali. Kwake neno ni moja, mtoto haulizi kwa nini, na fimbo iko juu ya kabati mahali ambapo kila mtu anaiona. Mimi si mkali kiasi hicho. Ninashona nguo, nainuka kwenye cherehani jioni nikiwa nimechoka, na mara nyingi nikisema jambo mara tatu bila kusikilizwa huliacha likapita.

Tangu mwaka jana kijana amebadilika. Muhula huu amepigana shuleni mara tatu, anawajibu walimu vibaya, ananidanganya hata katika jambo ambalo ukweli wake hauna adhabu yoyote, na akinyang'anywa simu hupiga mlango teke. Baba yake akiwapo, huyo huyo hutulia kama maji ya mtungini, anaosha vyombo na kuitika "naam" kabla hajamaliziwa jina. Binti yangu ni kinyume chake. Hajawahi kuniletea kesi, na walimu wanamsifu kwa adabu. Lakini kila Jumapili jioni tumbo linamuuma, anakula kidogo, analia usiku bila kusema sababu, na siku hizi akikosea hesabu moja hurarua ukurasa mzima na kuanza upya.

Mama mkwe anasema nimemdekeza kijana. Dada yangu anasema ukali wa baba ndio uliomtia binti woga. Nimesoma makala kadhaa kuhusu mitindo ya malezi, na kila moja inazungumza kana kwamba nyumba ina mtindo mmoja na mtoto mmoja. Naomba kuuliza: je, ni kweli kwamba mtindo wa malezi ndio unaoleta matatizo ya hisia na tabia kwa watoto wa umri huu, ambao hawajabalehe bado lakini si wadogo tena? Na kama ni kweli, inakuwaje malezi yale yale yatoe mgomvi na mwoga chini ya paa moja?

Mnasihi wa Shule:

Dada, nianze na maneno mawili yaliyo ndani ya swali lako, "yale yale", kwa sababu nadhani fundo liko hapo. Kwa maelezo uliyotoa, watoto wako hawalelewi kwa malezi yale yale. Wanalelewa katika nyumba yenye serikali mbili (sizungumzii muundo wa Muungano wa Tanzania), moja ikiondoka na lori na nyingine ikibaki na cherehani, na kila mmoja wao amejifunza kuishi chini ya serikali hizo kwa namna yake.

Mgawanyo unaousoma kwenye makala ulianza na mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye katika miaka ya 1960 aliwachunguza watoto wa shule ya awali pamoja na wazazi wao, akaona aina tatu za wazazi: yule anayeamrisha na kutaka utii usio na maswali, yule anayeweka masharti yaliyo wazi na kuyasimamia, lakini akasikiliza na kutoa sababu, na yule mwenye upendo mwingi na masharti machache. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin walilipanga jambo hilo kwa vipimo viwili, yaani mzazi anadai kiasi gani kwa mtoto na anamwitikia kiasi gani, ndipo ikajitokeza aina ya nne, mzazi ambaye hadai wala haitikii. Kwa Kiswahili yule wa pili mara nyingi huitwa mlezi wa kidemokrasia, jina ambalo silipendi, kwani wazazi wengi wakilisikia hudhani wanaambiwa wapige kura na watoto kuhusu saa ya kulala. Mzazi huyo ana mamlaka kamili. Tofauti yake na yule wa kwanza, mbabe, ni kwamba mtoto wake anaijua sababu ya sharti, na anaweza kulizungumzia bila kuadhibiwa kwa kosa la kuzungumza.

Sasa kuhusu matatizo yenyewe. Wataalamu, hasa kwa kufuata kazi ya Thomas Achenbach, huyagawa katika makundi mawili makubwa: yanayotokea nje, kama ugomvi, uongo na ukaidi, na yanayozama ndani, kama woga, huzuni, kujitenga na maumivu ya mwili yasiyoonekana chanzo. Wanao wamegawana makundi hayo, mmoja hili na mwingine lile. Martin Pinquart, mtafiti wa Ujerumani, aliunganisha matokeo ya tafiti zaidi ya 1,400 kuhusu kundi la kwanza, na katika kazi nyingine zaidi ya 1,000 kuhusu kundi la pili. Ukali wa kuumiza pamoja na kumtawala mtoto kwa kumchezea moyo ndivyo vilivyoambatana zaidi na matatizo, ilhali upendo na masharti yanayosimamiwa viliambatana na matatizo machache. Lakini nisikufiche: uhusiano wenyewe, ukiupima kwa takwimu, ni mdogo. Upo, unajirudia nchi baada ya nchi, ila hautoshi kumtia hatiani mama wala baba wa mtoto fulani. Tena sababu na matokeo hubadilishana nafasi, maana mtoto mkaidi humfanya mzazi azidishe ukali, au achoke akaachia. Mama mkwe na dada yako wote wameshika kipande cha ukweli na kukigeuza hukumu.

Tukirudi kwa kijana. Gerald Patterson, aliyefanya kazi Oregon na kuandika kuhusu mambo haya mwaka 1982, alieleza mtego ambao naamini utautambua. Mama anaagiza, mtoto anakataa, mama anapandisha sauti, mtoto naye anapandisha yake, au anapiga mlango, mama aliyechoka anaachia, na nyumba inatulia. Kila mmoja amelipwa: mtoto amepata alichotaka na mama amepata utulivu. Kesho mchezo unaanzia pale jana ulipoishia, kwa sauti ya juu zaidi, kisha mtoto huupeleka shuleni ambako wenzake hawaachii, na ndipo ngumi zinapoanza. Utulivu wake baba anapokuwapo haumaanishi kwamba amepona. Anajua tu ni serikali gani iko madarakani.

Umri nao una sehemu yake. Kati ya miaka 9 na 12 mtoto huanza kujilinganisha na wenzake kwa makini, anaipima haki ya watu wazima, na anaona wazi sharti linalosimama siku nne na kulala majuma matatu. Kwa wasichana wengine dalili za kwanza za kubalehe huanza hata miaka 8, kwa hiyo tusimwite binti yako mtoto mdogo.

Na kwa nini binti hakuwa kama kaka yake? Alexander Thomas na Stella Chess, waliowafuatilia watoto wa New York kuanzia mwaka 1956, walisisitiza kwamba mtoto huzaliwa na mwelekeo wake, na kwamba jambo la kuangalia ni kama malezi yanaoana na mwelekeo huo. Sauti ile ile ya ukali inayompita mtoto mmoja juu ya kichwa humwingia mwingine hadi mfupani, hata kama hakuelekezewa yeye. Binti anayetazama kaka yake akichapwa naye amefunzwa kitu.

Mwalimu Mstaafu, Korogwe:

Wanangu, nimesoma yote kwa makini. Nimefundisha shule za msingi mkoani Tanga kwa miaka 34, mingi yake nikiwa na darasa lenye wanafunzi zaidi ya 80, na sitajifanya kwamba sikushika fimbo. Nilishika. Ninachokipinga si utafiti, bali haraka ya kuchukua nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine na kutuvisha sisi. Mama mshonaji atanielewa.

Wale watoto wa Berkeley walitazamwa pamoja na baba na mama. Sisi tulilelewa na ua mzima. Baba yangu alikuwa mkali kiasi kwamba tukisikia kikohozi chake tunaacha mchezo, lakini katika ua ule ule alikuwapo bibi, ambaye alituita waume zake, akatutania, akatuficha nyuma ya khanga fimbo ilipokuja, na usiku akatuchota yote yaliyokuwa moyoni bila sisi kujua kwamba tunahojiwa. Mjomba naye alikuwa na nafasi yake. Ukimpima baba peke yake utaandika kwamba ni mbabe. Ukiupima ua wote, hutaandika hivyo, kwa sababu kudai na kuitikia vilikuwapo vyote viwili, ila havikuwa ndani ya mtu mmoja.

Wahenga waliposema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe hawakuwa wakisifu kipigo; walikuwa wakimwonya mzazi anayeogopa machozi ya mtoto. Mama huyu anaachia kwa kuchoka, nami simlaumu, lakini mtoto hatofautishi kuchoka na kuogopa. Ninachokiona leo ni kwamba fimbo ya baba imehamia mjini na bibi amebaki kijijini. Tumechukua nusu moja ya malezi ya zamani, tena nusu ngumu, kisha tunashangaa kwamba haifanyi kazi.

Nakuuliza, mwanangu: hapo nyumbani kuna mtu mzima yeyote ambaye watoto hao wanaweza kumtania?

Muuguzi wa Mombasa:

Shikamoo, Mwalimu. Hoja ya bibi naikubali yote, na natamani ingefundishwa kwenye kozi zetu. Ila hoja ya nguo iliyokatwa kwa mwili mwingine imeshajibiwa kwa sehemu, na sehemu ya jibu imetoka huku kwetu.

Mwaka 2005 Jennifer Lansford na wenzake walichapisha utafiti wa akina mama na watoto, jozi 336, kutoka China, India, Italia, Kenya, Ufilipino na Thailand. Walitaka kujua jambo lile lile unalolisema: je, kipigo kinamdhuru kidogo zaidi mtoto anayekiona kuwa kitu cha kawaida katika jamii yake? Kenya, nasema kwa aibu kidogo, ndiyo iliyoongoza kwa kuchapa, na Thailand ilikuwa ya mwisho. Jibu lilikuwa na pande mbili. Ndiyo, pale ambapo kuchapwa ni kawaida, uhusiano wake na ugomvi na wasiwasi wa watoto ulikuwa hafifu zaidi. Lakini haukutoweka: hata katika jamii hizo, aliyechapwa zaidi alikuwa na matatizo zaidi. Kawaida ilipunguza makali ya dawa chungu, haikuigeuza kuwa asali.

Kwa Tanzania upo utafiti wa Tobias Hecker na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, wa wanafunzi 409 wa shule ya msingi wenye wastani wa umri wa miaka 10 na nusu, yaani rika la hawa tunaowazungumzia. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni. Kuchapwa na wazazi au walezi kuliambatana na ugomvi na utovu wa nidhamu. Chapisho la baadaye la watafiti hao, mwaka 2016, liliunganisha nidhamu ya ukatili na matatizo yanayozama ndani, na hayo nayo yakaambatana na udhaifu wa kumbukumbu na wa masomo. Ni kweli kwamba watoto walihojiwa mara moja tu, hivyo utafiti huo hausemi kipi kilitangulia; inawezekana watundu ndio waliochapwa zaidi. Hata hivyo, mzazi anayesema anachapa ili mtoto atulie na asome atafute hoja nyingine.

Jambo hili si la nyumba chache. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kenya tuliondoa viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010, kifungu cha 29, imekataza adhabu ya viboko. Huko kwenu, Mwalimu anajua vizuri kuliko mimi, kanuni bado zinaruhusu mikwaju isiyozidi minne chini ya usimamizi wa mkuu wa shule. Kijana wa dada huyu anapopigana shuleni, yaelekea anaadhibiwa kwa kitu kile kile anachokatazwa.

Mwalimu Mstaafu, Korogwe:

Marahaba, mwanangu. Mikwaju minne, na iandikwe kwenye daftari la adhabu. Daftari hilo niliwahi kuliona likiwa jipya kabisa, halina mstari hata mmoja, katika shule ambayo fimbo hazikupumzika. Nimekusikia.

Mama wa Kihonda:

Nawashukuru wote. Mwalimu, swali lako limenikaa rohoni. Mama yangu aliishi nasi hadi mwaka juzi, aliporudi Kilosa kumtunza kaka yangu anayeumwa. Kijana alikuwa akilala naye chumba kimoja, na usiku nilikuwa nikiwasikia wakicheka. Nikihesabu miezi, mabadiliko yalianza baada ya hapo, ingawa siwezi kuapa.

Mnasihi, kuna jambo sikulisema mwanzoni kwa kuona haya. Kwa kuwa mimi siwezi kuchapa, nimezoea kusema "baba yako akirudi utaniambia", na ili nisisahau, ninaandika makosa kwenye daftari langu la vipimo, kurasa za nyuma. Mume wangu akirudi namsomea. Yeye huadhibu usiku ule ule wa kwanza, makosa ya majuma matatu kwa mkupuo, mengine mtoto mwenyewe ameshayasahau.

Binti haandikwi kwenye daftari, kwa sababu hakosei. Lakini akishuka alama ninamwambia kwamba ameniaibisha, ninamtajia mtoto wa jirani, na imewahi kutokea nikamnunia kutwa nzima hadi akaja kunipigia magoti kuomba msamaha kwa kosa ambalo hakulijua. Niliamini huo ni upole, kwa sababu sikumgusa.

Dereva wa Njia ya Tunduma:

Wakuu, mimi si msomi wa mambo haya, ila ninaendesha njia hiyo hiyo anayoendesha mume wa dada, na ningependa kumsemea mtu ambaye hayupo hapa.

Daftari lile kila dereva analijua, hata kama kwake halijaandikwa. Umeendesha majuma mawili, umelala kwenye foleni Nakonde upande wa Zambia, umelala tena Kasumbalesa mpakani mwa Congo, unafika nyumbani ukiwa na hamu ya watoto, na kabla hujaonyeshwa maji ya kuoga unapewa mashtaka. Unachapa, wala huna hasira. Unachapa kwa sababu unaona hiyo ndiyo kazi ya baba iliyobakishwa kwa ajili yako. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka minane alikuwa akisikia honi yangu pale kona anakimbilia kwa jirani. Nilidhani ni utundu. Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Anakukimbia wewe."

Tulichofanya ni kidogo. Kosa la leo liishe leo, alimalize mama, kwa uamuzi wake, nami nikifika nisiulize habari ya makosa. Kila siku saa mbili usiku nikiwa na mtandao napiga simu, na ninaanza na watoto, mdogo kwanza. Miezi ya mwanzo walikuwa wakisema "nzuri" na kunyamaza. Nilikuwa nakaa na simu sikioni nikisikiliza redio ya jirani.

Mnasihi wa Shule:

Kaka dereva, hiyo simu yako ina ushahidi nyuma yake kuliko unavyodhani. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti kutoka Uswidi kuhusu wazazi wanaojua watoto wao wako wapi na wanafanya nini. Zamani tuliamini wazazi hao wanajua kwa sababu wanafuatilia. Wao waliona kwamba wanajua hasa kwa sababu mtoto mwenyewe anawaambia. Vijana waliohojiwa walikuwa na miaka 14, wakubwa kuliko hawa, lakini kusema au kuficha huanza kuzoewa mapema, katika umri huu wa darasa la nne, la tano na la sita. Mtoto ambaye kila alisemalo linaishia kwenye daftari hujifunza kudanganya hata pasipo na adhabu. Ndiyo maana, dada, uongo wa kijana wako ulikushangaza: yeye hakadirii adhabu ya jambo moja moja, anafunga mlango wote.

Kuhusu binti, uliyoyaeleza yana jina katika fani yetu. Brian Barber, katika maandishi yake ya mwaka 1996, alitenganisha kusimamia mwenendo wa mtoto na kuutawala moyo wake. Kusimamia mwenendo ni kusema taa zizimwe saa tatu. Kuutawala moyo ni kumnunia, kumsimanga, kumfanya aone kwamba upendo unakwenda na kurudi kwa kufuata alama za hesabu. Hili la pili ndilo lililoonekana kwenda pamoja na huzuni na wasiwasi wa ndani, na ni rahisi kulikosa kwa sababu haliachi alama mwilini na mara nyingi hufanywa na mzazi mpole. Nimekutana nalo zaidi katika nyumba za watu wenye adabu. Hukukusudia, na hata mimi nimewahi kulifanya kwa wangu.

Kwanza apelekwe hospitali. Usiruhusu mtu yeyote, hata mimi, aseme maumivu ya tumbo ni ya moyo kabla daktari hajampima minyoo, mkojo, choo kigumu na mengineyo. Wakati huo huo tazama saa: tumbo linaloanza Jumapili jioni lina habari za Jumatatu ndani yake. Darasa la nne wana upimaji wa kitaifa, na shule nyingi huanza kuwabana mapema. Nenda ukazungumze na mwalimu wa darasa, na kwa utulivu kabisa uhakikishe pia kwamba hakuna mtu anayemtisha au kumgusa isivyofaa, njiani au shuleni. Usimbane kwa maswali. Kaa naye mkitoa pindo la nguo, mikono ikiwa na kazi, maneno huja yenyewe.

Kwa kijana, chagueni masharti machache, matatu yanatosha, ambayo wewe unaweza kuyasimamia ukiwa umechoka na baba yake anaweza kuyakubali akiwa amefika. Kama ni simu kukaa kabatini saa moja usiku, ikae siku zote, baba awepo asiwepo. Ukitoa neno usilirudie mara tatu. Sema mara moja, umkaribie, ungoje. Majuma mawili ya kwanza mlango utapigwa zaidi, kwa sababu anajaribu kama mtego wa zamani bado unanasa. Ukiachia katika juma la pili, utakuwa umemfundisha kwamba inabidi apige kwa nguvu zaidi. Na mwone akitenda jema, hata dogo, ulitaje kwa jina lake. Daftari lisichomwe kwa sherehe. Acha tu kuliandika.

Shule nyingine na baadhi ya kliniki hutumia dodoso fupi la maswali 25 lililotungwa na Robert Goodman mwaka 1997, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili na hujazwa na mzazi au mwalimu. Halitoi jina la ugonjwa, linaonyesha tu kama hali imepita kiwango cha kawaida cha umri. Ukiona kijana anaumiza wengine kwa makusudi, au binti anaacha kula, anakataa kabisa shule, au anazungumza kuhusu kutotaka kuishi, usisubiri jibu la mtu yeyote hapa. Mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au nenda hospitali ya mkoa. Namba 116 ya simu kwa mtoto nayo hupigwa bila malipo.

Mama wa Kihonda:

Ndugu zangu, zimepita wiki tano. Naleta mrejesho kwa kuwa mliutoa muda wenu.

Daktari alimpima binti na hakuona ugonjwa. Mume wangu nilimsomea maandishi ya yule kaka dereva kwa simu, akiwa Kasumbalesa. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika, kisha akasema, "Huyo mtu namfahamu?" Siku ya pili alipiga saa mbili usiku, akaomba apewe mdogo kwanza.

Kwa juma zima walizungumza kuhusu mvua na kuhusu nyani wa Mikumi wanaorukia malori. Juma la pili, Jumapili, binti alimwambia baba yake kwamba kila Jumatatu asubuhi wanafanya jaribio, matokeo yanasomwa mbele ya darasa kuanzia wa mwisho, na wale watano wa mwisho wanabaki wamesimama mpaka mapumziko. Yeye hajawahi kusimamishwa. Anaogopa tu siku itakayokuwa zamu yake, na kwamba nitajua. Kwa nini alimwambia baba mkali badala ya kuniambia mimi, bado ninalitafakari. Nimekwenda shuleni mara moja, mwalimu alinisikiliza, ila jaribio bado lipo.

Kijana alipiga mlango mara nne katika juma la kwanza la sharti la simu, na bawaba ya juu imelegea. Juma hili amepiga mara moja. Mume wangu aliporudi hakuulizia daftari. Alishika bisibisi, akamwita mwanawe washirikiane kukaza bawaba, na nikiwa kwenye cherehani niliwasikia wakibishana kuhusu skrubu gani inafaa. Kijana aliuliza "kwa nini" mara mbili na akajibiwa mara zote mbili. Fimbo bado iko juu ya kabati. Mama anakuja kutoka Kilosa mwishoni mwa mwezi, kwa majuma mawili.